Giaboksi Chini ya Kitanda

“Niko njiani, kaka. Nimeshatoka Tarime mjini. Nusu saa tu nakuwa hapo.”

Hiyo ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na fundi Gasto alikuwa njiani tangu Jumatatu. Nyuma ya sauti yake nilimsikia mpiga debe akiita, “Migori! Migori moja!” Migori iko Kenya. Mtu anayetoka Tarime mjini kuja Susuni hapiti Kenya hata akiwa amelewa.

“Gasto, wewe uko Isebania, ng’ambo ya mpaka.”

“Hapana kaka, hiyo ni redio.”

“Redio inaita abiria?”

“Mtandao unakata, kaka, nakusikia kwa mbali…” Simu ikakatika.

Nikabaki nimesimama uani kwa mama yangu, mbele ya Hiace yangu, nikitamani kupasua kitu. Ndani ya kopo la maziwa ya unga zilikuwemo bolti kumi na moja za giaboksi. Zilitakiwa kuwa kumi na nne. Tatu alizibeba Gasto, ati anakwenda nazo dukani kama mfano. Alifungua, akachukua mfano, akaondoka. Gari likabaki halina mbele wala nyuma, na mimi nilikuwa na siku tatu.

Jumamosi wazee wa ukoo wa Waitara walikuwa wanakaa Ringwani kuamua kama Gati ni mke wangu au si mke wangu. Kitu pekee walichotaka kukiona ni hiyo Hiace, ifike kwa mwendo wake yenyewe.

Nieleze kidogo. Mimi naitwa Mogesi, natengeneza sola, betri na redio. Gati anashona. Kazi zetu zinafuata minada, leo Mugumu, kesho kutwa Nyamwaga, wiki ijayo kwingine. Nikasema, kama kazi inatembea, kwa nini nyumba ikae? Nikaichukua Hiace ya mizigo, iliyokuwa na gia za otomatiki zilizokufa, fundi mmoja wa Mwanza akaibadilisha kuwa ya gia za mkono. Mengine yote nilifanya mwenyewe. Nilichomelea kitanda cha chuma kikashikana na bodi ya gari. Niliweka rafu ya cherehani, jiko la gesi, na pazia la maua alilolishona Gati kati ya viti vya mbele na kitanda. Chini ya sakafu nikafunga tangi la maji na vyuma vya kulilinda na mawe. Nyuma ya gari niliandika kwa rangi nyekundu maneno yangu mwenyewe:

*Nyumba yangu ina magurudumu,*
*moyo wangu hauna breki.*

Tuliishi humo miezi minane, mara nyingi tukiegesha Manchira, karibu na bwawa, ambako maji hayasumbui. Ndipo siku moja akaja mzee Waitara, baba yake Gati, na vijana wake wawili. Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, hakusogea hata moja zaidi.

“Binti yangu sikumtoa akalale barabarani kama gunia la mkaa,” alisema.

“Hii ni nyumba, mzee.”

“Hili ni gari.”

“Ni nyumba! Ina kitanda, ina jiko, ina…”

“Gari.” Akageuza fimbo yake. “Gati, twende. Na wewe kijana, kama ni nyumba, ilete Ringwani wazee waione. Ikifika, tutasema. Isipofika, njoo uswage ng’ombe wako urudi nao.”

Gati alipanda pikipiki ya kaka yake bila kulia, maana si mtu wa kulia. Usiku ule alinipigia. “Mogesi, wakipanga siku nitakuambia. Njoo na nyumba. Usije na mashairi.”

Siku ikapangwa. Na wiki hiyohiyo, nikitoka mnadani, gia ya tatu ikaanza kuruka yenyewe, ikafuata sauti ya kusaga kama mtu anatafuna mchanga, na kilomita mbili kabla ya kwa mama giaboksi ikajifunga kabisa. Nilivutwa mpaka uani na ng’ombe wanne wa plau. Wanafunzi walitufuata wakisoma maneno yangu kwa sauti na kucheka.

Mama hakuwepo. Alikuwa Sirari akimuuguza dada yake. Kwa hiyo Jumatano ile, baada ya Gasto kuingia kwenye redio yake, mtu wa kumlilia alikuwa Hezekia, dereva wa bodaboda, rika langu.

“Kwa nini unahangaika na hawa wa mjini?” Hezekia aliniambia. “Mzee Nchagwa yuko hapo senta. Mashine zote za kusaga za kata hii anatengeneza yeye.”

Mimi Susuni nilizaliwa tu. Baba alifariki nikiwa na miaka minne, nikakulia Mugumu kwa mjomba, kwa hiyo wazee wengi wa hapa nilikuwa nawajua kwa kofia zao. Nchagwa ndiyo kwanza nilimwona siku hiyo. Alikuwa mrefu, mkavu, kidole kimoja hakina kucha, na koti la kaki limeota oili mpaka limekuwa gumu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Wewe ni wa nani?”

“Wa Kornelio.”

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika. Kisha akalala chini ya gari na kuanza kugonga giaboksi kwa spana, taratibu, huku ametega sikio.

“Nani alikuambia hii ni giaboksi ya Hiace?”

“Fundi wa Mwanza.”

“Hii ni ya pikapu. Gasto wako angetafuta spea za Hiace mpaka Nairobi, zisingeingia.” Akagonga tena. “Beringi ya mbele imevunjika. Ninayo nyumbani, niliitoa kwenye pikapu iliyopinduka. Sasa hii inashukaje? Umeweka tangi hapa, umeweka vyuma.”

Nikajivuna. “Haishuki, mzee. Inapanda. Nimekata mfuniko sakafuni, inatolewa kwa ndani.”

“Mfuniko uko wapi?”

“Chini ya kitanda. Ingia tu, mke wangu hayupo.”

Akatoka chini ya gari. Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja, akilitazama lile pazia la maua. Nilidhani anapiga hesabu ya kazi.

“Nitakuja kesho,” alisema. “Nimesahau spana ya kumi na tisa.”

Alhamisi alifika saa mbili. Akakaa kwenye kigoda karibu na tairi, akanywa chai yangu vikombe viwili. Spana ya kumi na tisa alikuwa nayo, niliiona mfukoni.

“Hicho kitanda hakitoki?” aliuliza.

“Kimechomelewa, mzee. Ndicho kinachoshika bodi. Nikikikata, gari linalegea lote. Na nikikikata, Jumamosi nitawaonyesha nini?”

Akatikisa kichwa. Akatazama juu. “Naona kama mvua inakuja. Giaboksi haifunguliwi kwenye mvua.”

“Tunafungulia ndani, mzee. Mvua itaingia wapi?”

“Nitakuja kesho.”

Haikunyesha. Hata tone. Nilishinda nimekaa kwenye ngazi ya gari nikilitazama anga kavu na kuhesabu saa. Ijumaa saa mbili hakuja. Saa tatu hakuja. Saa nne nikasikia damu imenipanda mpaka masikioni, nikaenda senta kwa miguu, na kila hatua nilikuwa napanga maneno. Maneno huwa hayanipi shida. Shida ni kuyazuia.

Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga, ameinama juu ya injini. Kina mama walikuwa wamepanga foleni na ndoo za mahindi, vijana wamekaa kwenye benchi wakicheza drafti.

“Mzee Nchagwa!”

Akainuka.

“Juzi ulisahau spana. Jana ukaleta mvua. Leo umeleta nini, tetemeko la ardhi?”

Vijana wa drafti wakacheka. Kicheko kile kikawa petroli kwangu.

“Gasto ni mwongo, lakini Gasto ni kijana, anakimbia. Wewe na mvi zote hizo unakaa kwangu unakunywa chai unadanganya! Kama mikono imeshachoka, sema imechoka. Kama giaboksi inakushinda, sema imekushinda. Usivae koti la oili uonekane fundi!”

Hakuna aliyecheka safari hii. Nchagwa alikuwa ameshika spana mkononi. Midomo yake ilifunguka, ikafungwa. Ukimya wake ukanichochea zaidi.

“Mke wangu ataondoka kesho kwa sababu yako. Unasikia? Mzee mzima, huna hata aibu!”

“Mogesi!”

Niligeuka. Mama alikuwa anashuka kwenye pikipiki ya Hezekia, mkoba begani, ndiyo anafika kutoka Sirari. Mama yangu, Christina, ni mfupi, lakini kina mama wa foleni walimpisha kama wanapisha lori.

“Unamtukana nani?”

“Fundi mwongo, mama. Siku tatu…”

“Huyo ni baba yako.”

“Baba yangu alikufa.”

“Kornelio alikufa.” Sauti yake ilishuka, na mama akishusha sauti ni hatari. “Kornelio na huyu walitahiriwa siku moja. Walisimama bega kwa bega, hakuna aliyepepesa jicho. Kornelio alipokufa, huyu ndiye aliyekubeba mgongoni kwenda kaburini. Ni rika la baba yako, Mogesi. Ni baba yako kama Kornelio. Sasa niambie, mbele ya watu hawa, hiyo giaboksi iko wapi?”

Nikafungua mdomo.

“Sema!”

“Chini ya kitanda.”

“Kitanda cha nani?”

Nilisikia jasho linateremka mgongoni. Hakuna mtu wa Susuni asiyejua kwamba baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa au aliyeolewa. Haingii kuomba moto, haingii kujikinga na mvua. Na kitanda cha mkwewe si kitu cha kukitazama, sembuse kutambaa chini yake. Hata kulitaja jambo lenyewe mbele ya mwana ni aibu, ndiyo maana mtu mwenye heshima atatafuta spana aliyoisahau, atatafuta mvua. Mimi mila hiyo naijua tangu utoto. Nilimpigia kelele Waitara mpaka koo likauma kwamba hii ni nyumba. Kisha nikamwambia Nchagwa, “Ingia tu,” kwa sababu kwake nilitaka liwe gari.

Nilipiga magoti kwenye vumbi la pumba. Mimi, Mogesi, sijawahi kumpigia magoti mtu.

“Tata,” nilisema. Hilo neno, la baba, sikuwa nimemwita mtu yeyote tangu nikiwa na miaka minne. “Nimekosa.”

Nchagwa aliweka spana mfukoni. “La matusi lina siku yake. Rika langu litakaa, utaitwa, utakuja. Leo tuna giaboksi.” Akavuta pumzi. “Nyumba yako ina dirisha?”

“Inalo, tata.”

“Basi inatosha.”

Tulianza saa sita mchana. Hezekia, kwa kuwa ni rika langu, aliingia ndani pamoja nami. Mzee Nchagwa aliweka kigoda chake chini ya dirisha, akakaa, mgongo ameuegemeza kwenye bodi ya gari, uso ameuelekeza kwenye migomba. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa anatoa amri, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya bega, kiganja wazi, ukisubiri.

“Toeni godoro. Mbao pia. Kibaki chuma.”

“Tayari, tata.”

“Usiniambie habari za kitanda. Niambie habari za giaboksi. Mnaona shingo yake?”

“Tunaiona.”

“Fungeni mnyororo kwenye… kwenye kile chuma cha juu. Muinyanyue taratibu. Hezekia, wewe una nguvu za kupakia mizigo, usitie papara.”

“Mzee, mimi nina upole wa sista,” Hezekia alijibu huku anakoroma kwa uzito. Kitanda nilichokichomelea mwenyewe kikalia, kikapinda kidogo, kikashika. Giaboksi ikapanda kupitia mfuniko kama ndama anavyotolewa, imelowa oili nyeusi, ikakaa juu ya magunia.

Kuanzia hapo nilikuwa mikono ya mtu mwingine. Aliniambia ni bolti ipi ianze kulegezwa, nikalegeza. Nilipotumia nguvu alisikia mlio wa spana tu, akasema, “Mura, kijana, unapigana nayo. Acha kupigana.” Kila kipande nilichokitoa nilikipitisha dirishani nikakiweka kwenye kiganja chake. Alikipapasa, akakinusa, akakiweka kwenye ungo wa mama uliokuwa mapajani mwake. Meno ya gia aliyahesabu kwa kidole kile kisicho na kucha.

Beringi iliyovunjika ilipofika mkononi mwake, aliigeuzageuza. Kisha nikasikia vigololi vya chuma vinaanguka kwenye ungo, kimoja kimoja.

“Saba,” alisema. “Hii ina gololi nane.”

“Labda ilidondoka barabarani.”

“Ingedondokea wapi, na boksi lilikuwa limefungwa? Iko humo. Ukifunga bila kuiona, kesho itaingia kati ya meno ukiwa kwenye mlima, na hutafika Ringwani, wala hutarudi Susuni.”

Ilikuwa saa kumi. Tukatafuta. Tulimwaga oili yote kwenye karai tukaichuja kwa kitambaa. Hakuna. Nikaingiza vidole kila mahali vilipoweza kufika mpaka vikachubuka. Hezekia akamulika kwa simu mpaka chaji ikaisha. Saa kumi na moja. Jua lilikuwa limeshaegemea upande wa migomba, na nilianza kuuona uso wa Waitara, fimbo yake, ng’ombe wangu kumi na wawili wanaswagwa kurudi kama mali ya mtu aliyeshindwa kuoa. Nilitaka kuipiga teke ile giaboksi.

“Tata, tufunge tu. Tumuombe Mungu.”

“Mungu hakuivunja beringi,” alijibu kule nje. “Wewe kazi yako ni nini?”

“Redio, sola…”

“Redio ina nini ndani yake?”

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Nikaruka chini, nikavunja spika mbovu iliyokuwa kwenye boksi langu la vifaa, nikatoa sumaku yake, nikaifunga kwenye waya mrefu. Nikaiteremsha ndani ya giaboksi kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani, nikizungusha polepole chini ya gia ya tatu. Ikagonga chuma, ikagonga tena. Mara ikasema *ti*, sauti ndogo kabisa.

Niliivuta. Gololi ilikuwa imeshika, inang’aa kama jicho la samaki. Nikaipitisha dirishani.

“Nane,” alisema mzee Nchagwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikia anacheka.

Tukaweka ile beringi aliyokuja nayo mzee, tukafunga mpaka giza likaingia, tukamalizia alfajiri. Zile bolti tatu za Gasto tuliziba pengo lake kwa bolti za plau. Nilipowasha injini na kukanyaga klachi, gia ya kwanza iliingia laini, ya pili ikaingia, ya nne ikaingia. Ya tatu ikaingia, ikanguruma, ikaruka.

“Ya tatu meno yamelika,” mzee alisema, akiwa bado ametupa kisogo. “Sina dawa yake leo. Nenda na ya pili mpaka injini ilie, kisha ruka uweke ya nne. Au apatikane mtu wa kuishika isiruke.”

“Twende wote, tata. Panda mbele. Kiti cha mbele si ndani.”

Aligeuka sasa, akalitazama pazia la Gati.

“Pazia si ukuta,” alisema, akaenda kukaa nyuma ya pikipiki ya Hezekia, mfuko wa spana mapajani.

Ndivyo tulivyokwenda. Mimi mbele, na wao nyuma kwenye vumbi langu. Kwenye kioo nilikuwa nawaona wamefunika pua kwa vitambaa. Kila kilomita kumi mzee alinisimamisha, akatega sikio kwenye bodi kama daktari, akasema, “Haya.” Tulivuka daraja la Mto Mara saa tatu na nusu. Mlima ulio mbele ya daraja niliupanda kwa gia ya pili, injini inalia mpaka meno yangu yanauma, harufu ya klachi imejaa, lori lililobeba mahindi nyuma yangu linapiga honi. Nilikuwa nazungumza na gari kwa sauti. Sitasema nilikuwa nasema nini. Lilipanda.

Ringwani tulifika saa sita kasoro. Wazee walikuwa kama kumi, wengine kwenye vigoda, wengine kwenye viti vya plastiki vilivyoazimwa kanisani. Gati alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko la mama yake, mikono ameikunja. Hakunipungia. Alilitazama gari kwanza, tairi hadi tairi, ndipo akanitazama mimi.

Waitara aliniacha nisalimie wazee wote, mmoja mmoja. Kisha akasema, “Gari naliona limefika. Nyumba iko wapi?”

Wazee wakacheka. Mmoja akasoma maneno ya nyuma ya gari kwa sauti, akauliza kama kuna mtu anaweza kuoa binti wa watu bila breki. Wakacheka tena. Moto ukanipanda. Nilikuwa na majibu manne, yote mazuri, yote ya kumkata mtu. Nikamtazama Gati. Alitikisa kichwa kidogo sana. Nikayameza majibu yote manne, na yaliteremka kwa shida.

“Huna la kusema?” Waitara aliuliza, kama mtu aliyenyimwa kitu.

“Sina, mzee. Nimeileta.”

Hapo ndipo alipomwona Nchagwa. Mzee wangu alikuwa amesimama kando ya pikipiki, mwekundu kwa vumbi toka kofia mpaka kandambili. Macho tu ndiyo yaliyoonekana.

“Na huyu ni nani?”

“Ni fundi wangu. Ni baba yangu, rika la Kornelio.”

“Sasa, ndugu yangu,” Waitara akamgeukia kwa heshima, “unakula vumbi toka Susuni, na hilo gari lina viti vitupu? Kijana huyu alikunyima nafasi?”

“Alinipa,” Nchagwa akajibu. “Mimi ndiye niliyeshindwa kupanda.”

“Kwa nini?”

“Ningepandaje nyumba ya mwanangu?”

Vicheko vikakatika. Nchagwa alipiga hatua mbili mbele, akipangusa uso.

“Siku mbili nilimdanganya mtoto huyu kwa sababu giaboksi iko chini ya kitanda chake. Akanitukana senta, tutalimaliza wenyewe. Jana nimeitengeneza nikiwa nje, nimeipa nyumba kisogo, yeye akinipitishia vyuma dirishani. Mikono hii haijaingia mle. Lakini labda mimi ni mjinga, Waitara. Labda hili ni gari tu, kama ulivyosema, na nimekula vumbi bure. Kama ni gari, mlango huo hapo. Panda ukae, tukuone.”

Wazee wakamgeukia Waitara. Kisha mzee mmoja mnene kwenye kiti cha plastiki akasema, “Panda basi, Waitara. Gari ni gari.”

Waitara alisimama. Alitembea na fimbo yake kuelekea mlangoni, haraka mwanzoni. Nilianza kuhesabu bila kutaka. Hatua kumi, tisa, nane. Kwenye hatua ya nne alipunguza mwendo. Mlango ulikuwa wazi. Upepo ulikuwa unalicheza lile pazia, na nyuma yake lilionekana shuka jeupe ambalo Gati alilidarizi maua ya bluu, limetandikwa vizuri, na mito miwili.

Aliinua mguu. Kiatu chake kikagusa ngazi ya gari. Kikakaa pale, na sisi wote tulikuwa tunakitazama kile kiatu. Kisogo chake kilikuwa kinatiririka jasho.

Akaushusha mguu chini. Akageuza uso pembeni, akarudi kinyumenyume, akaendelea kurudi mpaka hatua kumi zikatimia, umbali uleule aliosimama siku ile Manchira.

“Aa,” alisema. “Hapana.”

Yule mzee mnene alikohoa kwa muda mrefu kuficha kicheko. Waitara alijitengeneza kofia.

“Mimi nilikuwa nauliza jiko tu,” alisema kwa ukali, kana kwamba kuna mtu aliyembishia. “Nyumba lazima iwe na jiko. Shangazi zake waingie waangalie kama ina jiko.”

Shangazi wawili waliingia. Walikaa humo kwa muda. Tulisikia bomba la maji likifunguliwa na kufungwa, cherehani ikijaribiwa, na mmoja akisema, “Na hii ya kukunja ni meza!” Walipotoka, mkubwa wao alisema jiko lipo, ila sufuria ni moja, na hiyo ni aibu. Akaenda kuleta ya pili kutoka jikoni kwake.

“Gati,” Waitara alisema bila kumtazama mtu, “beba mzigo wako.”

Mzigo wake ulikuwa umeshafungwa. Ulikuwa nyuma ya mlango wa jiko tangu asubuhi.

Wakati wa kuondoka Nchagwa alinisogelea kwenye dirisha la dereva. “Jumatano rika langu linakaa kwa mama yako. Lete mbuzi dume, asiye na doa. Na unyamaze mpaka uulizwe.”

“Ndiyo, tata.”

“Leo umejaribu,” akasema, akaenda kupanda pikipiki.

Gati alikaa mbele, miguu juu ya sufuria ya shangazi. Tuliteremka kuelekea Mara. Nilipoweka gia ya tatu ikanguruma, ikaruka, gari likashtuka.

“Hiyo nini?”

“Ya tatu imelika. Inataka mtu wa kuishika.”

Akalitazama rungu la gia, akafunga khanga vizuri kiunoni, akalishika kwa mikono miwili.

“Weka tena,” alisema.

Nikaiweka. Ikanguruma, ikasukuma, ikataka kutoka. Gati aliibana, mishipa ya mikono ikamtoka, na haikutoka.